Uzi: Kashinda 18 kapoteza 1, mwengine kashinda 31 kapoteza 4. Nani yuko juu?

#1 MaalimWaWete
Asalaam alaykum.

Nina daftari nililolianza Ramadhani ya 2023. Nilikuwa nakesha kusubiri daku, na mechi nyingi za besiboli za Marekani zinaanza kwetu saa nane za usiku, basi nikawa naangalia kwenye simu huku naandika. Kilichoniteka ni mtupaji, yule anayesimama kwenye kichuguu katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpigaji. Kila mechi huandikwa mtupaji mmoja aliyeshinda na mmoja aliyepoteza. Chukua alizoshinda, gawa kwa jumla ya alizoshinda na alizopoteza, umepata asilimia yake ya msimu. Wenyewe huiandika kwa desimali tatu na mimi nimewafuata.

Safu yangu mpaka sasa ni ya wenye mechi 15 au zaidi za kuandikiwa. Sijaweka kila mtu, wapo wengine wa kuingia katikati:

Roy Face, Pittsburgh, 1959: 18–1, 0.947
Johnny Allen, Cleveland, 1937: 15–1, 0.938
Phil Regan, Los Angeles Dodgers, 1966: 14–1, 0.933
Greg Maddux, Atlanta, 1995: 19–2, 0.905
Randy Johnson, Seattle, 1995: 18–2, 0.900
Ron Guidry, New York Yankees, 1978: 24–3, 0.889
Lefty Grove, Philadelphia, 1931: 31–4, 0.886
Joe Wood, Boston, 1912: 34–5, 0.872

Juzi mtoto wa dada yangu, yuko fomu ya tatu, kalifungua daftari akaniuliza: "Mjomba, huyu wa juu kaandikiwa mechi 19 tu. Huyu wa saba kashinda 31. Ingekuwa ni kuchuma karafuu, jioni ungempa nani pesa nyingi?" Mchumaji analipwa kwa pishi, hilo kila Mpemba analijua. Siku ya tatu leo sina jibu la kumpa, na mimi ndiye mwalimu wake wa hesabu.

#2 ZamuYaUsiku
Wa alaykum salaam maalim. Mie nalinda hoteli huku Nungwi, saa nane hiyo ndiyo saa yangu ya kazi, kwa hiyo tumekuwa tukiangalia pamoja bila kujuana.

Rekebisha Guidry. Ni 25–3, siyo 24–3. Mwaka 1978 Yankees na Boston walimaliza msimu sawasawa, 99–63 kila mmoja, ikabidi wacheze mechi moja ya kuamua tarehe 2 Oktoba kule Boston. Yankees wakashinda 5–4 na ushindi akaandikiwa Guidry. Mechi ile inahesabiwa ndani ya msimu. Asilimia yake inakuwa 0.893.

#3 MaalimWaWete
Ahsante sana. Nimeshafuta na kuandika upya. Bado yuko pale pale, chini ya Johnson.

#4 KipaWaZamani
Mie besiboli siijui, lakini nimedaka mpira miaka kumi na mmoja, na kuna jambo linanikera. Nani anayeamua kwamba ushindi ni wa mtu mmoja? Uwanjani wako tisa. Kwenye soka hata kipa aokoe penalti tatu, ushindi unaandikwa wa timu.

#5 MpembaToronto
Ami Kipa, ngoja nikueleze kama nilivyoelezwa na Mkanada niliyekaa naye uwanjani mara ya kwanza.

Mechi ina vipindi tisa. Mtupaji aliyeanza lazima amalize vipindi vitano ndipo aweze kuandikiwa ushindi. Anaandikiwa yule aliyekuwa mtupaji wa timu yake pale timu ilipochukua uongozi ambao haukupotea tena mpaka mwisho. Anayepoteza ni yule aliyeruhusu pointi iliyowapa wapinzani uongozi wa namna hiyo hiyo.

Sasa tazama mtego wake. Umeanza wewe, umetupa vipindi vinane, umeacha timu inaongoza 2–1. Anaingia mwenzako, anafungwa moja, inakuwa 2–2. Kipindi kinachofuata timu yenu inapata pointi na kushinda 3–2. Ushindi unaandikiwa nani? Yule yule mwenzako aliyekuharibia. Wewe huandikiwi kitu.

#6 KipaWaZamani
Hiyo dhulma.

#7 FundiWaMbao
Mimi namtetea Face kwa sababu mbili. Ya kwanza ni fundi mwenzangu: msimu ukimalizika alikuwa akifanya kazi ya useremala, na randa alikuwa anaijua. Ya pili, mtu mdogo wa umbo, anategemea mpira mmoja anaoushika katikati ya vidole viwili vilivyopanuliwa, na mpira ule ukifika kwa mpigaji unadondoka ghafla. Kwa mpira ule mmoja kashinda 18 na kupoteza mara moja mwaka mzima. Akianza kuhesabiwa tangu 1958 alikuwa hajapoteza hata moja katika ushindi 22 mfululizo, mpaka Dodgers wakamfunga Septemba 1959. Mnataka afanye nini zaidi?

#8 ZamuYaUsiku
Fundi, nakuheshimu, lakini soma tena alichoandika MpembaToronto hapo #5. Face hakuanza hata mechi moja mwaka ule. Mechi zote kaingia katikati au mwisho. Na baadhi ya ushindi wake ulikuja baada ya yeye mwenyewe kuruhusu wapinzani wasawazishe, kisha wapigaji wa Pittsburgh wakamuokoa. Ndiyo ule mtego.

Regan naye ni hivyo hivyo, yule wa tatu kwenye safu ya maalim. Mwenzake Sandy Koufax alimpa jina la Tumbusi, kwa sababu alikuwa akitua mwisho wa mechi na kuokota ushindi ambao wengine wameshaufanyia kazi. Sasa nambieni: mwaka ule ule 1966, timu ile ile, Koufax mwenyewe alikuwa 27–9, yaani 0.750. Alifungwa wastani wa pointi 1.73 kwa kila vipindi tisa (zitokanazo na makosa ya wenzake hazihesabiwi) na tuzo ya mtupaji bora, Cy Young, kaichukua yeye. Kwa safu ya maalim Regan yuko juu ya Koufax kwa umbali wa bara na visiwa. Mtu yeyote aliyewaona wote wawili atakubali hilo?

#9 FundiWaMbao
Nimesoma. Lakini kuingia mechi imefungana, kelele zimejaa, kosa moja basi, hiyo nayo ni kazi ngumu kuliko kuanza 0–0. Ubao wa mwisho wa jahazi ndio unaoamua kama linavuja.

#10 HesabuTu
Maalim, mwanao wa dada kauliza swali zuri sana. Tatizo la asilimia ni kwamba haijui uzito. Mtu aliyeshinda mechi moja na hakupoteza ana 1.000. Wewe mwenyewe umeliona hilo ndiyo maana ukaweka mpaka wa mechi 15. Lakini mpaka ni kisu butu: wa 15 anaingia kamili, wa 14 anatupwa kamili.

Kuna njia laini. Kila mmoja mpe mkopo wa ushindi 5 na kupoteza 5 kabla hujagawa. Yaani tunamchukulia kila mtu ni wa kawaida mpaka atuthibitishie vyengine. Mwenye mechi chache mkopo unamvuta sana, mwenye nyingi unamvuta kidogo. Nimefanya hivi:

Grove: 36 kwa 45, 0.800. Wood: 39 kwa 49, 0.796. Face: 23 kwa 29, 0.793. Guidry: 30 kwa 38, 0.789. Maddux: 24 kwa 31, 0.774. Allen: 20 kwa 26, 0.769. Johnson wa Seattle: 23 kwa 30, 0.767. Regan: 19 kwa 25, 0.760.

Grove anapanda kutoka wa saba mpaka wa kwanza, Regan anashuka mpaka mwisho. Mwambie kijana mchumaji wake kalipwa.

#11 MaalimWaWete
Subhanallah. Nimelifanya ubaoni peke yangu skuli imeshafungwa. Ni kweli tupu.

#12 BintiShangani
HesabuTu, kaka, kwa nini 5? Kwa nini si 10?

Nimefanya kwa 10 na 10. Grove anapata 41 kwa 55, Wood 44 kwa 59. Kwa desimali nne Grove 0.7455, Wood 0.7458. Wood kampita! Kwa hiyo aliye juu si Grove wala Wood, aliye juu ni yule uliyemchagua wewe ulipochagua namba ya mkopo. Face kwa njia yangu anaangukia 0.718, nyuma ya Guidry mwenye 0.729.

#13 HesabuTu
Dada umenishika pazuri. Mkopo unatakiwa utokane na jinsi watupaji wa ligi nzima walivyotawanyika, hauokotwi njiani. Nilichukua 5 kwa urahisi wa kuonesha. Lakini kubali angalau kwamba kwa mkopo wowote wa maana, Regan hakai wa tatu.

#14 BintiShangani
Hilo nakubali. La Grove na Wood bado.

#15 MjukuuWaBao
Nyote mnahesabu alizoshinda, hamjauliza kamshinda nani. Babu yangu alikuwa mchezaji wa bao, na pale barazani wapo waliokuwa na ushindi mwingi kuliko yeye kwa sababu walikuwa wakingoja wageni wanaojua takata (kusambaza kete bila kula) kidogo tu. Babu alikuwa anawekewa mafundi, kutoka Makunduchi hata kutoka Bara. Asilimia yake ilikuwa ndogo, na alipoingia barazani walimpisha kiti.

Sasa Whitey Ford wa Yankees. Kocha wake Casey Stengel alikuwa akimuweka akiba kwa ajili ya timu ngumu, anamrukisha siku ili asipangwe kwa wanyonge. Miaka yote ya Stengel hakufikisha ushindi 20 kwa msimu. Akaja kocha mwengine 1961, akamtumia kila baada ya siku chache bila kumchagulia mpinzani, akawa 25–4, 0.862. Mkono ni ule ule. Je, kabadilika yeye au kabadilishiwa wapinzani?

#16 ZamuYaUsiku
Na timu ile ya 1961 ilishinda mechi 109. Usisahau hilo pia.

#17 KijanaWaChake
Wakubwa shikamooni. Mbona hamumtaji Masahiro Tanaka? 24–0 na Yankees! Asilimia 1.000. Uzi ufungwe.

#18 MpembaToronto
Marahaba. 24–0 ni ya kweli, Yankees si kweli. Ilikuwa 2013 na Rakuten Golden Eagles ya Sendai, Japani. Yankees kaenda 2014. Msimu wake wa Japani alifungwa wastani wa pointi 1.27 na Rakuten wakachukua ubingwa wa Japani mwaka huo.

#19 MaalimWaWete
Shukran. Daftari langu lilikuwa la ligi kuu ya Marekani peke yake, ndiyo maana hayumo. Lakini sasa naona uchoyo kumuacha nje. Kwa mkopo wa HesabuTu wa 5 na 5 anapata 29 kwa 34, 0.853. Kwa mkopo wa BintiShangani 34 kwa 44, 0.773. Wa kwanza kote kuwili.

#20 KijanaWaChake
Si nilisema.

#21 BintiShangani
Ngojeni, nina njia nyengine na nimeifanyia kazi usiku mzima. Ami Kipa kauliza mwanzoni kabisa ushindi ni wa nani, na hakuna aliyemjibu. Kama ushindi ni wa timu kwa sehemu, basi tuiondoe timu. Chukua rekodi ya timu, toa mechi za mtupaji huyo, uone wenzake walifanya nini bila yeye. Tofauti iliyobaki ndiyo yake.

Grove 1931: timu 107–45. Bila yeye 76–41, 0.650. Tofauti 0.236.
Wood 1912: timu 105–47. Bila yeye 71–42, 0.628. Tofauti 0.244.
Guidry 1978: timu 100–63. Bila yeye 75–60, 0.556. Tofauti 0.337.
Walter Johnson, Washington 1913, alikuwa 36–7 kwenye timu ya 90–64. Bila yeye 54–57. Tofauti 0.351.
Steve Carlton, Philadelphia 1972, 27–10. Timu ilishinda 59 na kupoteza 97! Bila yeye 32–87, 0.269. Tofauti 0.461.

Huyu Carlton ndiye ninayemtaka nyote mumtazame. Asilimia yake ni 0.730 tu, kwenye daftari la maalim haonekani hata kwa darubini. Timu yake ni mkarafuu uliokosa msimu, yeye kapanda peke yake na kushuka na pakacha limejaa.

Na sasa Face, jamani. Pittsburgh 1959 walikuwa 78–76. Bila yeye 60–75, 0.444. Tofauti 0.503. Tanaka: Rakuten 82–59 na sare tatu. Bila yeye 58–59, 0.496. Tofauti 0.504.

Nilikaa kitako. Nilianza hesabu hii nikiwa na hakika itamshusha Face, imempandisha akakaa bega kwa bega na Tanaka.

#22 FundiWaMbao
Alhamdulillahi! Seremala kasimama.

#23 ZamuYaUsiku
Dada hesabu yako nzuri ila kwa Face inadanganya. Ukiwatoa watupaji wa kuanza, unawatoa na mechi zao nzima. Ukimtoa Face unatoa mechi 19 ambazo wengine walizianza, wakazibeba vipindi saba au vinane, na mechi zile wanazoshinda dakika za mwisho ndizo zinazomwangukia yeye. Ni kama kumwondoa kwenye ngalawa yule anayekamata kamba wanapofika pwani, halafu useme bila yeye ngalawa haikufika.

#24 HesabuTu
Na kuna jengine. Grove hawezi kupata 0.503 hata ashinde zote. Wenzake bila yeye ni 0.650, dari yake ni 0.350. Ukimpima kwa dari, kapata theluthi mbili ya kilichowezekana. Guidry kapata karibu robo tatu ya dari yake. Carlton, pamoja na pakacha lake, ni kama asilimia 63. Njia yako inamuadhibu mtu kwa kuwa na wenzake wazuri.

#25 BintiShangani
Na njia ya maalim inamzawadia. Bora nani?

#26 KipaWaZamani
Nimesoma uzi wote kwa siku mbili, nimeanza kuielewa besiboli kupitia nyinyi. Nikaenda kutafuta hiyo Pittsburgh ya 1959, nikamkuta mtu anaitwa Harvey Haddix. Mwenzake Face, timu moja, mwaka mmoja. Tarehe 26 Mei 1959, Milwaukee, alitupa vipindi 12 bila kumruhusu mpigaji hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Wapigaji 36, wote kawarudisha. Mechi za kawaida zina vipindi tisa, yeye katoa kumi na mbili kamili. Timu yake haikumpatia hata pointi moja. Kipindi cha 13 wakafungwa 1–0.

Kaandikiwa nini? Kapoteza. Kwenye daftari la asilimia, usiku ule ni sifuri. Alimaliza mwaka 12–12, nusu kwa nusu, huku mwenzake ana 18–1.

Nieleweni ninavyosema. Mwaka mmoja nilidaka Gombani mechi mbili mfululizo tukafungwa bao moja moja, yote ya dakika za mwisho, yote mabeki wamesimama. Siku ya pili yake nikakutana na watu sokoni Chake wananambia "kipa ulituangusha". Niliacha kwenda soko lile wiki nzima, mke wangu akawa ananunua samaki yeye. Sikusahau mpaka leo na ni miaka mingi. Nilipofika pale kwa Haddix niliiweka simu chini.

#27 MaalimWaWete
Ami, Allah akuweke. Haddix nimemuandika kwenye ukurasa wake peke yake.

#28 NahodhaMkokotoni
Naona wote mnaelekea kusema asilimia ni bahati. Mie sikubali. Nimekaa baharini tangu mdogo. Samaki wapo kwa kila mtu, upepo ni wa kila mtu, lakini wapo manahodha ambao chombo chao kikitoka kinarudi na kitu, na wengine mwaka mzima wanalalamikia mwezi. Huwezi kwa miaka yote kuita bahati.

Mtupaji anayejua kushinda anatupa kwa hali. Akiongoza 6–0 anawaachia wapige, asiumize mkono. Ikiwa 1–0 anakaza. Wastani wa pointi unamuona amefungwa sana, kumbe kafungwa pale ambapo haidhuru. Ushindi ndio kipimo cha kweli kwa sababu ndio walichotoka nyumbani kukitafuta.

#29 KijanaWaChake
Mzee wangu, basi nambie kuhusu Nolan Ryan 1987. Kaongoza ligi yake kwa kufungwa kidogo kuliko wote, wastani wa 2.76, kaongoza kwa kuwatoa wapigaji kwa kuwakosesha mipira mitatu, 270. Rekodi yake 8–16. Hakujua kushinda? Jacob deGrom 2018, wastani 1.70, rekodi 10–9, wakampa Cy Young. Félix Hernández 2010, 13–12 na Seattle iliyopoteza mechi 101, wakampa. Paul Skenes 2025, wastani 1.97, rekodi 10–10, nusu kabisa, kura zote za nafasi ya kwanza zikamwendea yeye. Wanaopiga kura wameshaacha kuangalia asilimia. Na Skenes ni wa Pittsburgh, timu ile ile ya seremala.

#30 NahodhaMkokotoni
Mwanangu, wapiga kura kubadilika si ushahidi kwamba zamani walikosea. Umenitajia wanne waliokosa wapigaji. Nakubali, chombo kibovu kinamzamisha nahodha yeyote. Ila nitajie mnyonge aliyepata 31–4. Mmoja tu.

#31 ZamuYaUsiku
Nahodha kasema la haki, 31–4 haokoti mtu njiani. Lakini hata Grove huyo, sikiliza. Agosti 1931 alikuwa ameshinda 16 mfululizo, anatafuta ya 17 dhidi ya St. Louis, timu ya kawaida tu. Mchezaji wa kudumu wa eneo la nyuma la uwanja, Al Simmons, siku ile hayupo. Aliyewekwa badala yake akaukosea mpira wa juu, pointi ikaingia. Wakafungwa 1–0. Grove alivunjavunja chumba cha kubadilishia nguo, na hasira yake kubwa ilikuwa kwa Simmons aliyekosekana, wala si kwa yule kijana aliyekosea.

Mpira ule ukidakwa, na wenzake wakampatia pointi moja, ni 32–3, yaani 0.914, na kwenye safu ya maalim anakuwa wa nne badala ya wa saba. Nafasi tatu kwa mpira mmoja ambao yeye hakuugusa.

Johnny Allen naye, wa pili kwenye safu: alikuwa 15–0 mpaka siku ya mwisho ya msimu. Siku hiyo Detroit wakawafunga 1–0.

#32 MjukuuWaBao
Basi huyo Allen alikuwa mchezo mmoja tu kuwa na 1.000 kabla ya Tanaka kuzaliwa.

#33 MpembaToronto
Zipo 1.000 kabla ya Tanaka, ila ni ndogo. Tom Zachary na Yankees 1929, 12–0. Hapa kwetu Toronto, Dennis Lamp 1985, 11–0, naye akiingia katikati ya mechi, haanzi, kama Face. Wote wako chini ya mpaka wa 15.

Mimi naongeza jambo ambalo hamjaligusa. Safu hii haiwezi kuwa ya haki kwa sababu kazi yenyewe imebadilika. Joe Wood 1912 alianza mechi 38, akazimaliza mwenyewe 35. Hakuna wa kumharibia nyuma yake wala wa kumuokotea. Ushindi wake ni wake, na kupoteza kwake ni kwake. Blake Snell 2018, 21–5 na Cy Young mkononi, hakumaliza hata mechi moja. Siku hizi aliyeanza anatolewa kipindi cha sita, mechi inaamuliwa na watu watatu wanaofuata. Kumuweka Wood na Snell safu moja ni kama kupima jahazi na boti ya saa mbili ya kwenda Dar kwa muda wa safari.

Na mkono wa Wood ulilipa. Majira yaliyofuata aliteleza akavunjika kidole gumba, na hakurudi kuwa yule. Baadaye alicheza kama mpigaji Cleveland.

#34 FundiWaMbao
Jahazi bado zuri kuliko boti.

#35 MpembaToronto
Kwa mwenye muda, ndiyo. Mie nikija likizo nina wiki mbili tu fundi.

#36 FundiWaMbao
Njoo, nitakuonesha dau ninalolitengeneza Chwaka. Mbavu ni za mwembe.

#37 HesabuTu
Turudini. Maalim, umeamua nini?

#38 MaalimWaWete
Sijaamua. Leo nimelipeleka darasani. Niliwaandikia Face, Grove, Carlton, Tanaka na Haddix bila majina, herufi tu, A mpaka E, nikawaambia wapange. Darasa la watoto 52 halikukubaliana. Mmoja wa nyuma, hasemi kwa kawaida, kasimama akasema E awe wa kwanza kwa usiku mmoja na wa mwisho kwa mwaka. Nimemuacha hivyo hivyo, sikumkosoa.

Daftari sasa lina safu nne: asilimia tupu, asilimia yenye mkopo, tofauti na timu, na wastani wa pointi. Maddux 1995 nilikuwa sijamhesabu kwa njia ya dada: Atlanta 90–54, ule msimu mfupi wa mechi 144 baada ya mgomo. Bila yeye 71–52, 0.577. Tofauti 0.328, na wastani wake 1.63. Kwa safu zote nne hayuko wa kwanza popote na hayuko wa mwisho popote. Mtoto wa dada yangu kamchagua huyo, ananambia mchumaji wa hivyo ndiye unayemtaka mwaka mzima. Mimi moyo wangu uko kwa Carlton.

#39 NahodhaMkokotoni
Wangu Grove.

#40 BintiShangani
Wood. Kwa sababu ya zile 35.

#41 KipaWaZamani
Nina ombi. Njia ya BintiShangani ya kuitoa timu, inaweza kufanywa kwa makipa? Timu na kipa huyu, na timu bila yeye. Makipa wa kwetu hawajahesabiwa na mtu.

#42 BintiShangani
Inawezekana ami, kama kipa hakucheza mechi zote, na kama kuna karatasi zinazoonesha nani alidaka siku gani. Bila karatasi hatuna kitu.

#43 KipaWaZamani
Ninazo za msimu mmoja, nilikuwa naandika kwa mkono, tarehe, uwanja, nani kadaka, mabao. Kurasa tatu zimeliwa na mchwa pembeni lakini namba zinasomeka. Nitazipiga picha kesho baada ya alasiri niziweke hapa.